Rejista ya Daktari Ngano

Kabla hamjaniuliza mtu wa Kidato cha Nne aliwafundishaje maprofesa, niwaondolee wasiwasi: sikuwafundisha. Niliwafundisha masekretari wao. Maprofesa walitia sahihi tu, na hata sahihi zenyewe hawakuzitia wao.

Nawaandikia nyinyi wahadhiri vijana mnaofungua somo kwa simu huku mkingoja ugali uive, na nyinyi mafundi mnaotumwa kuwafunza watu wanaowazidi vyeti. Kazi hiyo niliifanya katika chuo kimoja cha Nakuru, mwaka wa 2007 na miezi ya mwanzo ya 2008, kabla miguu haijaanza kuniwasha tena. Tangu hapo nimevuta nyaya za simu Mau Narok, nimechomelea matela Mai Mahiu, nimeuza betri za sola katika miji ambayo hata jina sikumbuki vizuri. Sijapata kazi niliyoipenda kama ile. Wala sijapata mahali pengine pa kuuona ujinga wa wasomi kwa karibu namna ile. Na wangu pia, tutaufikia.

Ilianza hivi. Mkuu wa chuo, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alirudi kutoka mkutano wa Nairobi akiwa amesikia kwamba siku zijazo darasa litakuwa ndani ya kompyuta. Akaandika memo. Kila mhadhiri ahudhurie mafunzo ya kufundisha kwa intaneti, vikao kumi na viwili, kila Jumatano alasiri, na jina la asiyehudhuria lifike mezani kwake. Fundi wa kompyuta, yaani mimi, afundishe na kutunza rejista.

Isomeni memo hiyo tena polepole. Haikusema mhadhiri ajue. Ilisema ahudhurie. Mtu aliyesoma hadi udaktari huiona tofauti hiyo kabla chai yake haijapoa.

Jumatano ya kwanza nilipanga kompyuta kumi na mbili, nikachana nywele, nikafunga tai ya kuazima. Saa nane ikafika. Wakaingia masekretari saba, matarishi wawili, na mke wa mhadhiri mmoja wa historia ambaye alikuwa amepita tu kumletea mumewe chakula. Wakaketi. Rejista ikazunguka meza hadi meza, ikanirudia ikiwa na madaktari tisa na profesa mmoja.

Nikamgeukia mama aliyekaa mbele kabisa, mwenye mto wake mwenyewe wa kukalia na kikombe chake mwenyewe cha chai.

"Daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Ako kwa mkutano."

"Mkutano gani huo?"

"Wa kuamua nani atakuja hapa."

Chumba kizima kikacheka, hata mke wa mwanahistoria. Huyo ndiye Mama Sharon, sekretari wa idara ya kilimo. Bosi wake nitamwita Daktari Ngano kama wanafunzi walivyomwita, kwa sababu kila alichofundisha alikifananisha na ngano. Bei zikipanda, ngano. Serikali ikikopa, ngano. Kuna wakati alimpongeza mhadhiri mwenzake kwa kuoa, na ndani ya sala ya arusi akatia kutu ya ngano. Daftari lake la noti za darasa alilitumia kwa miaka mingi hivi kwamba kurasa nazo zilikuwa zimeiva, rangi ya shamba linalongoja mashine ya kuvuna.

Ningeweza kuwafukuza wote siku hiyo na kwenda kumwambia Mkuu. Sikufanya hivyo. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, na kipimo changu kilikuwa rejista hiyohiyo: ikijaa, fundi amefaulu. Kwa hiyo niliandika tarehe juu ya ukurasa, nikasema, "Karibuni, madaktari," nao wakacheka tena. Ndivyo uongo ulivyoanza. Wao walikuwa na kalamu, mimi nilikuwa na daftari.

Nitawaambia nilivyokosea, maana huko ndiko kwenye elimu. Kosa la kwanza, ili kuokoa muda niliwapa wote paswadi moja, nikaiandika ubaoni. Kufikia Jumatano iliyofuata, somo la kemia lilikuwa limefutwa na idara ya Kiswahili, somo la Kiswahili lilikuwa limefutwa na idara ya hesabu, na mke wa mwanahistoria, ambaye wala hakuwa mfanyakazi wetu, alikuwa ameandikisha wanafunzi wa mwaka wa tatu katika somo la mapishi. Kila mtu na ufunguo wake, vijana. Nyumba yenye ufunguo mmoja kwa wote haina haja ya mlango.

Kosa la pili lilikuwa mikono. Sekretari akikwama nilikuwa narukia kibodi na kumfanyia. Nilipofanya hivyo mara ya tano nikamkumbuka mzee wa Kisikh aliyenifunza kutengeneza redio nyuma ya duka la vipuri la familia yake, Mzee Gurmit. Alinikuta siku moja nikimpokonya mteja redio ili nimwonyeshe inavyowashwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, mikono yako mingi kuliko akili. Tia mfukoni. Mtu akipata stesheni kwa kidole chake, haisahau."

Basi nikatia mikono mfukoni, na humo ikakaa. Inauma. Unamwona mtu akitafuta herufi ya M kwa dakika nzima, nayo iko pale inamtazama. Lakini akiipata ni yake.

Kikao cha nne stima ilipotea. Kwa kawaida hapo mafunzo huisha na mandazi huanza. Mama Sharon akasema, "Si hiyo skrini unaijua? Chora."

Nikachukua chaki nikachora skrini ubaoni, na vitufe vyake vyote. Yeye akaja mbele, akabonyeza ubao kwa kidole. "Nikiweka hapa?" Nikafuta upesi nikachora kinachofuata. "Na nikirudi nyuma?" Nikafuta nikachora tena. Masekretari walijipanga mstari, kila mmoja akabonyeza zamu yake, mimi nikichora na kufuta hadi nikawa mweupe kama mtu wa kinu cha unga. Alasiri nzima mimi ndimi niliyekuwa kompyuta, na nawaapia nilikuwa mwepesi kuliko intaneti yetu. Hakuna kikao walichojifunza kama hicho.

Daktari Ngano mwenyewe alifika mara moja, kikao cha sita, kwa sababu palivuma kwamba Mkuu angepita. Alikaa kando ya Mama Sharon bila kuvua koti.

"Kijana, mwanafunzi ataniona wapi hapa?"

"Hatakuona, Daktari. Atasoma ulichoweka, akuulize, umjibu."

"Na akilala nitajuaje?"

"Hutajua."

"Basi hakuna kitu kitabadilika," Mama Sharon akasema, macho yake kwenye skrini.

Daktari alijifanya hakusikia. Chai ilipoletwa akala andazi lake na la Mama Sharon, akasimama. "Mimi siwezi kufundishwa kufundisha na mtu wa stima," akaniambia, na akaenda zake. Siku hiyo pia rejista ilionyesha sahihi yake. Aliitia Mama Sharon, hata ingawa mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo. Mazoea.

Kisha ikaja Januari, na ghasia za baada ya uchaguzi. Yaliyotokea kwetu mnayajua, na baadhi yenu mliyapitia mkiwa bado wadogo. Hapo sina la kuchekesha. Chuo kilifunga lango. Wanafunzi walitawanyika, huyu kwa shangazi Rongai, yule kwa wazazi Mau Narok, wengine hatukujua wako wapi kwa wiki nyingi. Darasa la mwaka wa mwisho la Daktari Ngano lilikuwa limebakisha nusu ya somo lake, na bila somo hilo hakuna ambaye angehitimu.

Mkuu akaandika memo ya pili. Kwa kuwa wahadhiri wote wamefunzwa, rejista ikiwa ushahidi, masomo yataendelea kwa intaneti kuanzia Februari.

Hamjawahi kuona madaktari wakitafuta masekretari kwa upole namna ile.

Daktari Ngano aliona ana njia ya mkato. Alimpa tarishi lile daftari lililoiva, akamwambia apige picha kila ukurasa kwenye mashine na kuingiza kwenye somo. Ikaingia kama ilivyo, na madoa ya chai, na orodha ya vitu vya kununua sokoni. Faili lake lilikuwa na uzito wa kumlemea punda. Wanafunzi wetu hawakuwa na intaneti nyumbani. Walikwenda saiba, maduka ya kukodi kompyuta mjini, na huko unalipia kila dakika. Msichana mmoja wa Rongai akamwandikia Daktari:

"Daktari, nimekaa kwa saiba tangu asubuhi hadi saa tisa. Ukurasa wa kwanza umefunguka, ni picha ya kidole gumba. Naomba kuuliza kama kitakuja kwa mtihani."

Kilikuwa kidole cha tarishi. Mama Sharon alinisomea barua hiyo akicheka hadi akashika meza. Kisha akaisoma tena peke yake.

"Huyu mtoto amelipa pesa aone kidole," akasema.

Alifuta kila kitu. Alianza kuandika somo upya, na haya ndiyo nataka myashike hata mkisahau mengine yote, kwa sababu sikumfundisha mimi. Aliwauliza wanafunzi kwanza: unaingia mjini siku gani? Wakamjibu, siku ya soko, tukiteremka na mzigo. Kwa hiyo kila somo aliliweka jioni ya kuamkia soko. Aliligawa vipande vidogo ambavyo mtu angevichukua kwa dakika tatu, akavibeba kwa fleshi au akavichapisha, akaenda kusoma nyumbani bila mita kumhesabia. Kila kipande kilimalizika kwa swali moja. Si matano. "Ukimpa matano," aliniambia, "atajibu lile rahisi na aseme mengine hayakufunguka."

Na walipouliza, alijibu kwa jina la Daktari. Alikuwa amepiga chapa noti zile na mitihani yake miaka kumi na minne. Alijua jibu na alijua pia wanafunzi hukosea wapi. Kijana mmoja wa Mau Narok aliuliza kwa nini bei ya viazi huanguka mavuno yakiwa mazuri. Daktari angemjibu kwa ngano. Mama Sharon alimjibu kuhusu mama yake mwenyewe, aliyefika kando ya barabara na magunia yake sita akakuta magunia mia mbili yakimngoja mnunuzi mmoja mwenye lori moja. Kijana akaandika, "Daktari, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuelewa." Daktari aliposomewa sentensi hiyo alifurahi sana. Akaiomba ichapishwe, akaibandika mlangoni pa ofisi yake.

Machi lango likafunguliwa nusu. Na barua zikatoka.

Mama Sharon aliingia chumbani kwangu, akaiweka barua yake juu ya kibodi yangu. "Soma hapo chini."

Ilisema kwamba kwa kuwa wahadhiri sasa wanaandaa na kuendesha masomo yao wenyewe kwa kompyuta, kama rejista ya mafunzo inavyothibitisha, idara hazihitaji tena masekretari wengi, na kazi yake inakoma Ijumaa.

"Ile rejista ni mkono wangu, fundi," akasema. "Jumatano kumi na mbili. Nimejifuta kazi na kalamu yangu mwenyewe."

Nikaisoma barua tena.

"Enda kwa Mkuu umwambie tu vile ilikuwa. Mimi nikisema, watasema ni uchungu. Wewe ndiye uliweka hiyo rejista."

"Ngoja kwanza, Mama Sharon."

"Nangoja nini? Niko na mtoto Kidato cha Tatu."

"Mkataba wangu unaangaliwa mwisho wa mwezi."

Aliichukua barua akaikunja mara mbili, taratibu, akapangusa kibodi yangu kwa kiganja kama mtu anayefuta makombo.

"Aah. Kumbe na wewe uko kwa mkutano."

Ijumaa nilimwona kupitia dirisha akitoka na mto wake wa kukalia na kikombe chake. Sikutoka nje. Nilijifanya natengeneza printa. Ilikuwa nzima.

Jumanne iliyofuata walikuja wageni kutoka Nairobi kuona chuo cha mashambani kilichoweza kufundisha wakati wengine wamekwama. Mkuu alikuwa amemchagua Daktari Ngano awaonyeshe, maana wanafunzi wake ndio walioandika barua nyingi za shukrani. Alikuja na suti mpya. Nilitandaza skrini ukutani. Kisanduku kikatokea kinachotaka jina na paswadi.

Daktari akaandika kwa kidole kimoja. Ikakataa. Akaandika tena, kwa nguvu zaidi. Ikakataa.

"Kijana, mashine yako imeharibika."

"Ni nzima, Daktari. Inataka paswadi."

Hapo akafanya jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nacheka na kuona haya kwa pamoja. Aligeukia mlango, akapaza sauti kama mtu anayeitisha chai: "Mama Sharon!"

Mlango ukabaki umefungwa.

"Mama Sharon ni nani katika jambo hili?" Mkuu akauliza.

"Ni sekretari tu. Hunisaidia... kufungua."

"Basi mpigie akusaidie."

Daktari akatoa simu. Kwa kuwa hakujua kuizima sauti ya spika, ambayo bintiye alimwekea Krismasi, sote tulisikia.

"Mama Sharon, habari ya nyumbani? Sasa, ile paswadi yetu ni gani?"

"Nani anauliza?"

"Si ni mimi, Daktari."

"Aah, Daktari! Si ufanye tu vile ulifundishwa? Rejista inasema hukukosa hata Jumatano moja."

Simu ikakatika. Mgeni mmoja alikohoa ndani ya kitambaa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida.

Mkuu akanigeukia. "Fundi, unaweza kufungua?"

Ningeweza. Kubadilisha paswadi ya mtu ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mikono yangu ilikuwa tayari imeanza safari kwenda kwenye kibodi. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki moja. Nikaitazama mikono hiyo, mingi kuliko akili. Nikaitia mfukoni.

"Naweza, Mkuu. Lakini nikifungua, wageni wataona kazi ya mtu mliyemfuta Ijumaa."

Nikaleta rejista. Mkuu aliifungua mbele ya wageni wale wote, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Mkono wa Mama Sharon ulikuwa na mkia mrefu kwenye kila herufi ya G, mkia ambao Mkuu alikuwa ameuona kwenye mihtasari ya mikutano ya idara ya kilimo kwa miaka kumi na minne. Alipofika Jumatano ya mwisho akafunga daftari.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumatano ya kwanza."

Msidhani baada ya hapo mbingu zilifunguka. Daktari Ngano alipewa barua ya onyo, na nasikia aliyeipiga chapa ni sekretari wake mpya. Mimi mkataba wangu haukurudi, kwa kosa la kutunza rejista ya uongo, na hapo hawakunionea hata kidogo. Mama Sharon aliitwa amalizie somo, maana wanafunzi walikuwa wameanza kuuliza mbona Daktari amewanyamazia. Alikubali kwa sharti kwamba jina lake liwe juu ya somo. Wakaliweka chini, kwa herufi ndogo. Alifundisha hadi darasa likamaliza, yule msichana wa Rongai akiwemo, kisha siku ya mwisho ya semista akachukua tena mto wake na kikombe, safari hii bila kufukuzwa na mtu.

Miaka ilipita. Nilikuwa Rongai, nikitafuta mtu wa kununua betri, nikapita nyuma ya maghala ya mahindi nikaona kibao: Mafunzo ya Kompyuta kwa Walimu. Mlangoni kulikuwa na meza, na mezani rejista, na nyuma ya rejista mama mwenye miwani, amekalia mto nilioujua. Nikasimama kwenye foleni; mbele yangu alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari.

"Mathe, nimekuja kwa niaba ya naibu wa mwalimu mkuu. Ako kwa mkutano."

"Mwambie mkutano ukiisha aje na mikono yake," akasema Mama Sharon, akamfungia kalamu usoni. Kisha bila kuinua macho, akanisukumia daftari. "Sahihi kwanza, boss."

Niliandika jina langu, polepole, herufi zote. Akaligeuza daftari upande wake akalisoma. Akavua miwani. Akanitazama, nami sikujua kama nitabasamu au niondoke.

"Na huyu ni wewe kweli," akauliza, "ama umetumwa?"